Saa Mbili za Kunyonyesha, Kipindi cha Dakika 30

Likizo ya uzazi Tanzania Bara ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua pacha au zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mjamzito kuianza likizo hiyo wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Mwalimu atakayeitumia ruhusa hiyo, akapumzika mwezi ule wa mwisho ambao miguu imevimba na ngazi za shule zimekuwa ndefu, atarudi darasani mtoto akiwa na wiki nane. Wakati huohuo, kliniki anakompeleka mtoto kupimwa uzito inamwambia amnyonyeshe maziwa yake tu, bila uji wala maji, hadi miezi sita itimie. Kati ya wiki ya nane na mwezi wa sita kuna takriban miezi minne ambayo serikali moja imemwagiza mwanamke mmoja awe mahali pawili. Hapo ndipo mtoto anapotokea darasani, kafungwa mbeleko, mama yake kashika chaki.

Mjadala wa jambo hili kwetu huanzia kwenye adabu. Mwalimu mkuu huuliza kama inafaa. Mzazi wa mwanafunzi huuliza kama huyu analipwa kufundisha au kulea. Mama mwenyewe hujitetea kwamba dada wa kazi kaondoka usiku bila kuaga, na bibi wa mtoto yuko mikoa mitatu mbali. Wanaokataza husema kazini ni kazini. Wanaotetea husema mama zetu walilima, walitwanga na kuuza samaki watoto wakiwa mgongoni, na mambo yakaenda. Kila upande una ukweli wake, ila wote wanamtazama mama na mwanawe tu, utadhani chumba kile hakina watu wengine. Jembe husubiri. Watoto tisini wa darasa la kwanza wanaojifunza kutofautisha ba na da hawasubiri. Swali ninaloliona lina uzito zaidi ni hili: mtoto wa mwalimu akishaingia darasani, mzigo wa kumlea unamwangukia nani?

Sheria hiyohiyo ya 2004 haikumsahau mtoto. Inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za siku ya kazi kwa ajili hiyo. Katika ofisi ya mjini saa mbili zinashikika: karani huchelewa kuingia asubuhi au huwahi kutoka jioni, na mafaili humngoja. Shuleni saa hizo hugongana na ratiba. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, cha darasa la tatu na kuendelea ni dakika 40, na kengele haiulizi maziwa ya nani yamejaa. Mtoto wa miezi mitatu hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Mama hawezi kuzirundika saa zake zote mbili azitumie mchana, maana njaa ya mtoto haiahirishwi. Inambidi azigawe, na kila anapochukua kipande, kuna darasa linabaki peke yake.

Lingekuwa darasa la watoto 45, kiwango ambacho serikali imejiwekea kwa shule ya msingi, mwalimu wa chumba cha jirani angechungulia. Lakini ada na michango ilipofutwa kuanzia Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakamiminika shuleni, na shule nyingi zikajikuta na watoto mia na zaidi katika chumba kimoja, hasa madarasa ya chini. Kuchungulia darasa la namna hiyo hakusaidii kitu. Huko ndiko hasa tunakowakuta walimu wa kike wengi. Darasa la kwanza hupewa mwanamke kwa hoja kwamba “anajua watoto”, na umri wa mwalimu kijana anayeanza kazi ndio umri wa kuzaa. Ongeza na namna tunavyowapanga: msichana wa Moshi hupelekwa Kaliua, wa Mtwara akapelekwa Kasulu. Mama, shangazi, dada, wale ambao mila ilitegemea wampokee mtoto arobaini ikiisha, wamebaki kule alikotoka. Siku 84 zinatosha kwa mtu mwenye mama yake mlango wa pili. Waliozitunga hawakuliandika sharti hilo, ila ndilo lililokuwa likiibeba hesabu yao.

Ndiyo maana wengi hawaziombi saa zao. Wanamleta mtoto. Kumleta ni namna ya kuzitumia saa mbili bila kuondoka, na mwalimu mkuu aliyepungukiwa walimu huona heri hivyo kuliko kuandika barua ya ruhusa.

Kenya wamelifikia jambo hilihili kwa njia nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Kwenye karatasi, ni hatua kubwa. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa na mwanawe wa miezi mitano. Alieleza kwamba alipatwa na dharura, na kwamba kungekuwa na mahali pa kumwacha mtoto ndani ya majengo yale angemwacha. Christopher Omulele, aliyekuwa kwenye kiti cha Spika, akaamuru atolewe, kwa kuwa kanuni haziruhusu asiye mbunge kuingia ukumbini. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka naye. Wiki mbili baadaye picha ya Spika wa New Zealand, Trevor Mallard, akimnywesha chupa mtoto wa mbunge huku akiongoza kikao ilizunguka dunia, na Wakenya wengi wakaziweka picha hizo mbili pamoja.

Mimi nililoliona zaidi katika kisa cha Nairobi ni kwamba chombo kilichopitisha amri ya chumba cha kunyonyeshea kilikuwa hakijajitimizia amri yake. Kama Bunge halikuwa nacho, itakuwaje shule ya msingi ya Samburu au Lamu, ambako walimu wenyewe hukaa chini ya mti kusahihisha madaftari kwa kuwa ofisi yao imegeuzwa darasa?

Umri wa mtoto hubadilisha mambo mengi, na makatazo ya jumla hayautazami. Wa miezi miwili hadi sita hulala sehemu kubwa ya siku. Kwa masomo, huyo si kikwazo kikubwa; mama atapunguza kuzunguka kati ya madawati, atafundisha zaidi kwa mdomo kuliko kwa ubao, basi. Hatari iko upande wa mtoto mwenyewe. Chanjo ya kwanza ya surua, Tanzania na Kenya, hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa. Kabla ya hapo, kumweka katika chumba chenye watoto mia wanaokohoa, wenye tetekuwanga na macho mekundu, ni kumpeleka penye maradhi hana kinga. Wanaomtetea mama wangepaswa kulisema hili kwanza, na sijui kwa nini hulitaja mwisho.

Kisha hufika yule wa mwaka mmoja hadi mitatu. Huyu ana miguu. Anataka chaki, anataka kalamu ya mwanafunzi wa mbele, anataka kujua ndani ya pipa la takataka kuna nini. Hakuna andalio la somo linalomhimili. Walimu wengi wa kike watakwambia kipindi kigumu hakikuwa kile cha kunyonyesha, kilikuwa hiki, na hapa sheria imenyamaza kabisa, kwa sababu hanyonyi tena kwa ratiba na shule ya awali haijamtaka. Wa miaka minne au mitano tayari ni nusu mwanafunzi. Hukalishwa nyuma na kipande cha penseli, akaimba irabu na wenzake, na mwaka wake ukifika anaingia anajua kusoma. Sioni ubaya mkubwa hapo, isipokuwa kiti anachokalia kina mwenyewe.

Lipo jambo ambalo hulikuti katika taarifa yoyote ya shule. Mtoto wa mwalimu anapolia na mbeleko isimtulize, mwalimu hulitazama darasa. Humtafuta msichana. Sijawahi kusikia aliyemtafuta mvulana. Wavulana hutumwa maji. Huchaguliwa binti wa darasa la nne au la tano, mtulivu, aliyezoea kubeba wadogo zake kwao, akaambiwa ampeleke mtoto nje, pale penye mwarobaini, ambembeleze hadi alale. Akiwa ni mwenye akili, sababu ni kwamba huyu anaelewa haraka, hatapitwa. Akiwa ni mzito wa kuelewa, sababu ni kwamba hata akibaki hatapata kitu. Kwa hiyo hakuna msichana ambaye sababu haimfiki.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba binti mwenyewe hufurahi. Kuchaguliwa na mwalimu ni heshima, na wenzake humwonea wivu. Nyumbani atasimulia kwamba leo nimembeba mtoto wa mwalimu, na mama yake atasema vizuri, mwanangu. Hakuna mzazi wa kijijini atakayepeleka malalamiko kuhusu hilo. Mwalimu ni mtu wa watu, na kumsaidia mwenye mtoto mchanga ni utu. Daftari la mahudhurio linaonyesha binti alikuwepo. Mdhibiti ubora wa shule akija ataona maazimio ya kazi yamejazwa na vipindi vimefundishwa, naye ataandika hivyo. Kipindi cha sehemu, kile ambacho asiyekihudhuria hataelewa desimali wala asilimia, kimepita yeye akiwa chini ya mwarobaini.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto kuanzia miaka 14, nayo inaieleza kuwa ni ile isiyomdhuru, isiyomzuia kuhudhuria shule wala isiyompunguzia uwezo wa kunufaika na masomo. Binti wa darasa la tano hajafika hata umri huo, na ameajiriwa, bila ujira, ndani ya ua wa shule, saa za masomo. Mstari wangu nauchora hapa. Mwalimu aje na mtoto ikibidi. Mwanafunzi asifanywe yaya. Mwalimu mkuu anayepiga marufuku watoto wachanga lakini hajawahi kuuliza ni nani hutolewa nje kuwabeba, amekataza kinachoonekana akaacha chenye madhara.

Si kwamba Waswahili hawakuwahi kufundisha na watoto wao wakiwapo. Chuo cha Kurani cha mtaani, Lamu, Unguja au Bagamoyo, kwa vizazi vingi kimekuwa baraza au ukumbi wa nyumba ya mwalimu. Bibi anayefundisha huwa na mjukuu mapajani, sufuria jikoni na wanafunzi mkekani, na anaisikia herufi iliyokosewa hata akiwa amegeuka kukoroga. Wanafunzi ndio wageni wa mtoto pale. Aidha, kila mwanafunzi husoma kwa hatua yake, huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye juzuu ya pili, hivyo mwalimu akikatizwa dakika tano hakuna somo linalosimama. Mpangilio ule uliweza kumbeba mtoto kwa sababu haukuwa na kipindi. Shule ya kengele, ambapo watoto tisini wanapokea jambo moja kwa mdomo mmoja kwa dakika 30, haina nafasi hiyo, na kuwaambia walimu wa leo wajifunze kwa bibi wa chuo ni kusahau tofauti hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili choo, malaria na maji. Wanawake walikuja kisomoni na watoto mgongoni, na ilieleweka kwamba ukimkataa mtoto umemkataa mama. Enzi hizohizo Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliendesha vituo vya kulelea watoto mchana mijini na vijijini. Vilikuwa na upungufu mwingi, uji ukiwa mwepesi na walezi wakikosa mafunzo, lakini vilisimama juu ya wazo ambalo baadaye tuliliacha, kwamba mwanamke akitakiwa kazini, mtoto wake ni suala la umma. Tulipoliacha wazo hilo, wenye uwezo walinunua huduma ya dada wa kazi, kwa kawaida binti aliyetolewa kijijini akiwa hajamaliza shule. Yule wa chini ya mwarobaini na huyu wa sebuleni Sinza wametoka fungu moja.

Na baba je? Sheria ya 2004 inampa baba likizo isiyopungua siku tatu, nayo sharti aichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya humpa wiki mbili. Walimu wanaume ni wengi, nao wana watoto wachanga pia, lakini ni nadra kumwona mmoja anafundisha Kiswahili kidato cha pili na mwanawe mgongoni. Akitokea, atasifiwa. Mwaka 2019 mwalimu wa hisabati wa Chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, alimbeba mtoto wa mwanafunzi wake ili kijana yule aandike vizuri, na picha yake ikapokewa kwa machozi ya furaha pande nyingi za dunia. Miaka saba kabla, mhadhiri Adrienne Pine wa American University, mjini Washington, alimnyonyesha binti yake aliyekuwa na homa mbele ya darasa la anthropolojia, siku ya kwanza ya muhula, na jambo likageuka mabishano ya magazetini kuhusu maadili ya kazi. Najua visa havifanani kwa kila kitu. Mmoja alimsaidia mwanafunzi, mwingine alikuwa na mtoto wake mwenyewe. Lakini msomaji ajaribu kubadilisha jinsia za wawili hao aone hukumu inavyogeuka.

Kwa nini basi shule, mahali penye walezi waliosomea, uzio na jiko la uji, hazina chumba cha watoto wa walimu? Pesa ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni mgawanyo wa madaraka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto, ilhali mwalimu wa shule ya msingi ni mwajiriwa wa tume ya taifa inayoajiri walimu. Mama yuko serikali moja, mtoto yuko nyingine, na wote wamepita geti moja asubuhi. Kwetu Bara, mwalimu yuko chini ya TAMISEMI, mtaala uko Wizara ya Elimu, na kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kwa upande wa ustawi wa jamii. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, ilikusudia kuziunganisha ofisi hizi. Ni programu nzuri. Ila ukiisoma kwa jicho la mwalimu, mwalimu ni mtoa huduma kwa watoto wa watu, na wa kwake huonekana kwa tabu.

Shule binafsi zimejitatulia. Nyingi zina madarasa ya watoto wadogo, na humpunguzia mwalimu ada ya mwanawe au humsamehe kabisa, kwa hesabu ya kibiashara tu: mwalimu asiyewaza mtoto hahami. Kwa shule za umma za kata moja, chumba kimoja na mlezi mmoja anayelipwa kwa mchango wa walimu wenyewe wenye watoto kingewezekana mahali pengi, na pengine kimeshafanyika kimyakimya kwa makubaliano na mama jirani wa shule. Sipendi sana suluhisho la mchango, maana linamtoza mama haki ambayo sheria ilishampa. Lakini kati ya hilo na binti wa darasa la tano, nachagua mchango.

Lipo pia lisilohitaji hata senti. Mwalimu wa taaluma hupanga ratiba Januari, na huirekebisha kila mtu anapohamishwa au kustaafu. Akijua kwamba mwenzake atarudi likizo Aprili, anaweza kumtoa darasa la kwanza kwa mwaka huo, ambako hana wa kupokezana naye, ampe somo moja katika madarasa ya juu. Kisha amwachie wazi kipindi kimoja cha dakika 40 kinachopakana na mapumziko ya nusu saa ya saa 4, na kipindi cha mwisho kabla ya kengele ya kutoka. Mtoto anaweza kubaki kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka shuleni, mama akamfuata huko. Zitakuwa dakika 110 kwa siku. Mwajiri atabaki anadaiwa 10.